Tairi la gari kwenye pikipiki ya safari: nimejaribu, nimeamua

Tairi nililolitoa juzi bado limelala kwenye sakafu ya banda, na kila nikipita naliinamia nalipapasa. Mabega yake yote mawili ni kama mapya. Mifereji ina kina, na ukingoni kabisa vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vipo. Katikati ni kipara. Ukipitisha kiganja kutoka bega hadi bega unapanda kidogo, unakuta uwanda wa upana wa vidole vinne, kisha unateremka ghafla. Limekwenda kilomita 14,300.

Nililigundua asubuhi moja wakati wa kufunga mizigo, tukiwa tumebakiza kilomita 900 kufika nyumbani. Mke wangu alikuwa ameshavaa kofia. Niliinama kupima upepo, nikaona vile vituta vidogo vilivyo ndani ya mifereji, vinavyoonyesha kwamba tairi limefika mwisho, vimekuwa sawa na uso wa tairi. Siku nne kabla ya hapo havikuwa hivyo. Tulirudi polepole, mwendo haukuzidi 80, na kila tulipopumzika nilizungusha gurudumu nikitafuta kama nyuzi za ndani zimeanza kutokeza. Sikumwambia mke wangu mpaka tulipofika, na hilo nalijutia, kwa sababu mwili uliokuwa juu ya tairi lile haukuwa wangu peke yangu.

Usiku ule ule nikaanza kuwaza tairi la gari.

Kwa wasiojua: wapo waendesha pikipiki wengi, hasa wa pikipiki kubwa za safari, ambao nyuma wamefunga tairi la gari dogo. Hawakubuni jambo hili jana. Wenyewe hujiita watu wa upande wa giza, na Honda Gold Wing ndiyo pikipiki wanayoitaja kuliko nyingine. Yangu ni Gold Wing GL1800, ile ya kizazi kilichotengenezwa kuanzia 2001 mpaka 2017, na nimesoma na kusikia hoja zao kwa miaka mingi bila kuzitilia maanani. Safari hii nilizisikiliza kama mtu anayetafuta dawa.

Na hoja zao zina uzito. Niziseme kwa haki, maana nilikaribia sana kuzikubali zote.

Ya kwanza ni umri wa tairi. La nyuma la pikipiki nzito ya safari likifika kilomita 20,000 unashukuru. La gari unaweza kulisahau kwa kilomita 40,000 na zaidi. Mpira wake ni mgumu kuliko wa pikipiki, na uso wake ni bapa, hivyo kuliwa kwake kunagawanywa upana wote badala ya kuelemea mstari mmoja wa katikati. Kwa mtu anayesafiri mbali, hiyo inamaanisha kuondoka na kurudi bila hata kuwaza fundi.

Ya pili ni uzito. Pembeni mwa tairi, baada ya vipimo, kuna namba na herufi. Namba ni ya mzigo, herufi ni ya mwendo. Tairi la nyuma ambalo GL1800 yangu ilikuja nalo limeandikwa 74H. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, na hapo hakuna tatizo. Namba 74 ni kilo 375. Sasa piga hesabu: pikipiki yenyewe ikiwa na mafuta inazidi kilo 400, weka watu wawili wazima, weka mizigo ya wiki mbili, na kumbuka kwamba abiria na masanduku vyote vinakaa nyuma. Sina mizani ya kupima gurudumu mojamoja, lakini haihitaji mizani kuona kwamba nafasi iliyobaki ni ndogo. Tairi la gari wanalolipenda wenzetu hawa ni 195/55R16 lenye namba 87, yaani kilo 545.

Ya tatu ni kwamba linaenea. Hapa nilikaa na karatasi na kalamu mpaka saa sita usiku. Langu ni 180/60R16: upana ni milimita 180, na ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, ambayo ni 108. Mara mbili, ongeza rimu ya inchi 16 ambayo ni milimita 406, kimo chote kinakuwa milimita 622. La gari, 195/55R16: ubavu ni milimita 107, kimo chote 621. Tofauti haifiki hata milimita mbili, kwa hiyo hata kipima mwendo hakidanganyiki. Nilipoiona hesabu ile nilikuwa nusu nimeshanunua.

Rafiki yangu mmoja ana GL1800 kama yangu, na nyuma amefunga tairi la gari mwaka wa tatu sasa. Nilimpigia simu nikamwambia nataka kuonja. "Chukua, kaka, shinda nayo," akanijibu. "Ila usiihukumu kabla ya saa nzima kupita." Ushauri ule ulikuwa mzuri, kwa sababu dakika kumi za kwanza nilitaka kuirudisha.

Jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa pale pale kwenye kutoka, mwendo wa mtu anayetembea. Nikageuza usukani, nikailaza kidogo kama ninavyoilaza yangu, ikakataa. Si kwamba ilikuwa nzito. Ilikuwa kama kuna mtu amesimama nyuma ameishika mabegani anairudisha wima. Nikaongeza nguvu, ikakubali, nikalegeza, ikasimama tena. Barabara ile ina mwinamo kuelekea ukingoni ili maji yatiririke, na kwenye mwinamo ule pikipiki ilitaka kuegemea ukingoni, kwa sababu uso bapa wa tairi unatafuta kulala sawasawa na lami, na lami yenyewe imeinama. Penye mifereji miwili iliyochimbwa na malori ilinivuta kushoto, kisha kulia. Mikono yangu ilikuwa na kazi kila sekunde.

Halafu nikatoka kwenye barabara kuu iliyonyooka, na hapo lazima niseme ukweli: ilikuwa raha. Ubavu wa tairi la gari ulimeza viungo vya lami ambavyo kwenye yangu huwa nahisi kiunoni. Upepo wa ubavuni kutoka kwenye malori uliisukuma kidogo sana. Mvua nyepesi ilinikuta, nikajaribu breki mahali patupu, ikasimama vizuri. Saa moja na nusu nilikwenda nikijiambia kwamba nimekuwa mkaidi miaka yote hii. Laiti safari zangu zingekuwa za barabara kama ile tu, makala hii ingekuwa na mwisho mwingine.

Kisha zikaja kona za mlimani. Kona pana, za mwendo mmoja, sikupata shida. Unasukuma usukani wa upande wa ndani na unaendelea kuusukuma mpaka utoke. Ni kazi, lakini mtu anaizoea. Kilichonishtua ni kona moja inayojikunja zaidi kadiri unavyoingia, ile ambayo ukidhani umeshaisoma unakuta bado. Katikati yake nilihitaji kulaza zaidi kidogo. Kwenye pikipiki yangu ikiwa na tairi zima, kuongeza huko ni wazo tu, unawaza na imeshafanyika. Pale nilisukuma, ikasita, nikasukuma zaidi, ikaanguka hatua nzima kwa mkupuo, halafu sehemu ya nyuma ikatikisika mara moja. Haikuteleza. Niliweka kila kitu sawa na kutoka salama, upande wangu wa barabara. Lakini kile kisito na ule mkupuo nilivitambua mara moja. Vilikuwa vilevile, kabisa vilevile, nilivyovisikia siku tatu za mwisho za safari yetu, juu ya tairi langu lililokwisha katikati.

Nilisimama mahali penye nafasi, nikazima injini, nikakaa ukingoni mwa barabara nikiwaza.

Nilichokuwa nimekichukia kwenye tairi langu bovu ni kwamba lilikuwa limeacha kuwa la duara. Katikati bapa, kisha ukingo, kisha bega. Ukilaza pikipiki inakaa juu ya ule ubapa, inagoma, inapanda ukingo, inaangukia bega. Na mimi, kwa kutafuta tiba ya ubapa ule, nilikuwa nakaribia kununua ubapa mpya ambao ungedumu kilomita 40,000.

Nieleze kwa nini umbo ni jambo kubwa kiasi hicho, maana kabla ya siku ile nililijua kwa kichwa tu. Chukua kikombe chenye mdomo mpana na kitako chembamba, ukilaze mezani, ukisukume. Hakiendi moja kwa moja, kinazunguka chenyewe kukifuata kitako. Chukua kopo, lisukume, litakwenda mbele tu. Tairi la pikipiki likisimama wima ni kama kopo jembamba, lakini ukililaza linakuwa kikombe: sehemu iliyo karibu na bega ina mzunguko mdogo kuliko sehemu iliyo karibu na katikati, kwa hiyo linavuta kuingia ndani ya kona kwa umbo lake lenyewe. Pikipiki inategemea sana nguvu hiyo. Gari halihitaji, kwa sababu gari halilali, linageuza matairi yake ya mbele na uso wote unabaki chini. Tairi la gari ukilifunga kwenye kitu kinacholala, linabaki kopo lililoegemezwa ukingoni. Na kwa kuwa ukingo huo uko pembeni mwa mstari wa katikati wa pikipiki, uzito unaoegemea pale unarudi juu kama mkono unaoisukuma pikipiki isimame. Yule mtu niliyemhisi nyuma akiishika mabegani ndiye huyo.

Kuna dhana nyingine niliyokuwa nayo na imenitoka. Nilidhani tairi pana lazima lishike zaidi kwa sababu linagusa lami zaidi. Kwa kiasi kikubwa eneo linaloigusa lami linaamuliwa na uzito ulio juu na upepo ulio ndani. Tairi likibeba kilo 300 kwa upepo wa psi 41, linagusa takriban sentimita za mraba 100, liwe jembamba au pana. Kinachobadilika zaidi ni umbo la alama hiyo: la pikipiki ni refu na jembamba, la gari ni fupi na pana. Kwenye maji yaliyotuama, alama pana iliyobebeshwa uzito mdogo na upepo mdogo ndiyo inayoinuliwa na maji mapema. Na wengi waliofunga la gari hupunguza upepo ili lilale vizuri kwenye kona. Mmoja anakwambia 28, mwingine 36, kila mtu na namba yake, kwa sababu hakuna kiwanda kilichowapa namba. Kwa tairi langu la pikipiki namba ipo, mbele 36, nyuma 41, na nyuma ya namba hizo kuna watu waliolifanyia majaribio tairi hilo kwenye pikipiki hiyo.

Niliporudisha pikipiki jioni, rafiki yangu aliniuliza nimeionaje. Nikamweleza yote, pamoja na ile kona. Akatikisa kichwa: ndivyo ilivyo, alisema, yeye ameshaizoea na haisikii tena. Namwamini. Ni mwendeshaji makini kuliko mimi, amekwenda mbali sana na tairi lile bila mkasa wowote, na safari zake nyingi ni za barabara kuu. Simwiti mjinga wala mtu wa hatari. Ninachosema ni kwamba siku ile kwenye kona, kama ningekuwa na mke wangu nyuma yangu, nisingependa kuwa nabahatisha.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi wangu nikiwa karibu nimeshaamua, na yeye ndiye aliyemaliza neno. Hakunihubiria. Alileta rimu ya gari ya inchi 16, akailaza karibu na gurudumu langu, akaniambia nisome maandishi. Kwenye yangu kuna herufi MT, kwenye ya gari kuna J, na ndizo zinazotaja umbo la ukingo. Akachukua kidole changu akakipitisha kwenye kingo za ndani, pale ambapo mdomo wa tairi unakaa. Umbo si moja. Rimu yangu ya nyuma ina upana wa inchi 5, na tairi la 195/55R16 limetengenezwa kwa rimu za kuanzia inchi 5 na nusu. Kisha akanionyesha kwenye tairi langu herufi M/C zilizofuata vipimo. Miaka yote nimezipita. Zinasema kwamba hili ni la rimu za pikipiki, na ziliwekwa hasa kwa sababu inchi 16 ya huku na inchi 16 ya kule si kitu kimoja.

"Linaingia," akasema, "lakini mara nyingine halikai mpaka ujaze upepo kupita kiasi, na mimi nimesimama hapo hapo nimeinama juu yake." Aliniambia hafungi, na akaniomba nisikasirike. Nitakasirikaje? Mtu anayelinda uso wake na mikono yake analinda pia pikipiki yangu.

Jambo la bima nalo lipo, ila nitalipita haraka: soma masharti ya bima yako na kanuni za ukaguzi za nchi unayoendesha kabla ya kufunga kitu ambacho waliotengeneza pikipiki na waliotengeneza tairi wote wamesema kisifungwe. Kwangu mimi hilo lilikuwa nyongeza. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika kule kando ya barabara.

Nisisahau mahali ambapo tairi la gari ni halali kabisa, ili nisije nikaeleweka vibaya. Pikipiki yenye kigari cha pembeni hailali. Ya magurudumu matatu, ile yenye mawili nyuma, hailali. Hapo uso bapa unakaa chini wote, mzigo unagawanyika, na la duara ndilo linaloonewa, linaliwa katikati upesi bila faida yoyote. Kama ningekuwa na kigari cha pembeni ningefunga la gari kesho, mradi rimu iwe ya kulipokea.

Sasa, matatizo yangu mawili ya mwanzo yalibaki pale pale, na hayakuwa ya kufikirika. La uzito limepata jibu ambalo nilipaswa kulitafuta miaka mingi iliyopita: kipimo hicho hicho cha 180/60R16 kinapatikana katika tairi la pikipiki lenye namba 80, yaani kilo 450. Ubavu wake ni mgumu zaidi na kwenye viungo vya lami nahisi tofauti, sitaficha. Lakini kilo 75 za ziada chini ya mke wangu na mizigo ni kitu ninachokitaka kuliko ulaini. Kabla ya kulipokea nilisoma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, kuhakikisha halikukaa ghalani likikauka.

La umri halina dawa ila nidhamu, na nimeamua kuishi nalo. Tairi la nyuma sasa lina daftari lake. Naandika kilomita siku ya kulifunga, na kila kilomita 2,000 napima kina cha mfereji wa katikati, siyo wa begani, kwa sababu wa begani utakudanganya mpaka siku ya mwisho. Upepo napima asubuhi kabla injini haijawashwa, tairi likiwa baridi, kwa sababu tairi lililopungukiwa upepo linapinda zaidi, linapata joto na kuliwa upesi. Nikiangalia nyuma, kabla ya zile kilomita 900 za hofu nilipita wiki nzima ya joto na mzigo kamili bila kupima hata mara moja. Na kabla ya safari ndefu, kama kina kilichobaki hakitoshi kwenda na kurudi na ziada juu yake, tairi linabadilishwa nyumbani, hata kama bado lina maisha. Lile lililotolewa mapema nitalirudisha kwa ajili ya safari fupi mpaka liishe. Najua kulifunga na kulitoa ni kazi, maana kwenye GL1800 kufikia gurudumu la nyuma kunataka subira. Naikubali kazi hiyo.

Jipya limefungwa juzi. Kilomita 150 za kwanza nilikwenda taratibu, nikilaza kidogo, kisha zaidi kidogo, mpaka ule utelezi wa mpira mpya utoke kwenye uso wote. Jana mke wangu alipanda nyuma tukaenda kwenye kona zile zile za mlimani. Kwenye ile inayojikunja niliwaza kulaza zaidi, na ikalala. Yeye hajui lolote kuhusu vikombe wala makopo, sikuwa nimemweleza. Tulipoteremka alivua kofia, akaniuliza kama nimebadilisha viti.